Kanisa Lililofungwa kwa Bolti

Mkoba wa Mama Shemasi ulikuwa mzito upande mmoja. Alipouweka juu ya benchi uliinama kushoto, na waumini wapya waliokaa karibu naye walidhani ndani kuna chupa. Ndani mlikuwa na Biblia ya lugha ya Tshiluba iliyopoteza jalada, leso, biskuti za kuwanyamazisha watoto wasumbufu, na spana moja kubwa ya chuma, ile ambayo huku Likasi tunaiita kle. Spana ilikuwa ya marehemu mume wake, fundi wa mitambo katika karakana za shaba za mtaa wetu wa Panda. Mama Shemasi aliibeba kanisani, sokoni na mazishini. Siku moja aliibeba hata zahanati alipokwenda kupimwa presha. Muuguzi alipousogeza ule mkoba alishtuka.

"Mama, unabeba nini humu? Mutoto?"

"Nabeba kanisa," akajibu, wala hakucheka.

Hakuwa anatania. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kanisa letu la Kibaptisti la Panda lilikuwa jengo la kufunguliwa kwa spana. Mifupa yake ilikuwa vyuma vilivyotolewa kwenye banda bovu la karakana. Kuta na paa zilikuwa mabati. Hapakuwa na msumari hata mmoja, wala saruji. Miguu ya vyuma ilisimama juu ya mawe bapa. Mabenchi yalifungwa kwa bolti, mimbari ilikunjwa. Wabaptisti humzamisha mtu mzima majini, na makanisa mengine huchimba birika la ubatizo sakafuni. Sisi tulibatizwa ndani ya tangi la chuma lililokaa juu ya ardhi, lenye vishikio pande zote ili liweze kunyanyuliwa na kuondoka. Mimi nilitoka mle nikinuka kutu kwa siku kadhaa.

Sababu ya haya yote ilijulikana kwa kila mtu wa Panda, na hakuna aliyependa kuitaja. Babu zetu waliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba na kuyeyusha shaba. Sisi tulizaliwa hapa, tukasoma hapa, lakini neno "wageni" halikutuacha kabisa. Nilipokuwa mdogo ulifika mwaka ambao neno hilo lilitoka midomoni likaingia mikononi. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao, wakakusanyika kwenye stesheni ya Likasi, wakalala juu ya mizigo yao wakisubiri treni iliyokuja ilipotaka kuja. Mama Shemasi, ambaye wakati huo hakuwa na cheo chochote, alifunga turubai kati ya nguzo za stesheni. Akatangaza kwamba wanaotaka kuomba wakae upande huu, na wanaotaka kugombana wakae upande ule. Alikuwa akisema kwamba wengi walianzia upande ule.

Hapo ndipo kanisa lilipozaliwa, katikati ya magodoro na masufuria, likiwa na waumini ambao kila mmoja aliomba aondoke kabla ya mwenzake.

Yeye hakuondoka. Nimemwuliza sababu mara nyingi, kwa njia tofauti, na kila mara alinipa jibu jingine. Kwanza alisema treni ilijaa. Baadaye akasema hakuwa na mtoto wa kumpeleka popote. Siku nyingine, akichambua mboga, aliniambia kwamba mume wake alikuwa amezikwa Likasi na hapakuwa na mtu wa kupalilia. Niliandika majibu yote, sikuchagua.

Alipobaki, alifichwa na jirani yake, mama wa Kikatanga, mwenyeji wa hapa, Mpentekoste mwenye sauti ya kuita mbuzi walio mlima wa pili. Huyu nitamwita Mama Jirani, kwa sababu ndivyo sisi sote tulivyomwita. Hali ilipotulia na watu wa Kasai wakaanza kurudi mmoja mmoja, walimkuta Mama Shemasi ana kiwanja kwa jina lake, kimepakana na ua wa Mama Jirani, na juu yake vyuma vimeshaanza kusimama. Akawagawia bolti kabla hajawasalimu.

Watu wa Panda wakikutana huulizana, "Uko?" Mtu hujibu, "Niko." Mama Shemasi hakujibu hivyo. Alijibu, "Niko kwanza," yaani niko kwa sasa, kesho sijui.

"Kwanza" hiyo iliingia katika kila kitu chake. Alipika bukari, ugali wetu, kwa sufuria ndogo, moja tu. Nguo zake zilikaa ndani ya sanduku. Kabati hakuwa nalo. Kanisani alikaa siku zote mwisho wa benchi, upande wa mlango, na kama mgeni amekaa mahali pake, alisimama kando yake akimtazama mpaka mgeni akakumbuka ana kazi mahali pengine. Wakati wa wimbo mrefu mkono wake ulishuka taratibu, ukapapasa bolti ya mguu wa benchi kuona kama imelegea.

Alikataza kupanda miti ya matunda katika kiwanja cha kanisa. Maua sawa, mchicha sawa, lakini si kitu cha kumfanya mtu asubiri. Hata hivyo, kwenye mpaka wa Mama Jirani, hatua chache tu kutoka ukuta wetu wa mabati, ulisimama mparachichi ambao kila mtu alijua nani aliupanda.

"Ilijiotea," alisema Mama Shemasi.

"Ee! Sikia huyu!" Mama Jirani akapiga makofi. "Avoka yenye iko na mbolea ya mbuzi na uzio ya miba, njo inajiotea? Muntu mwenye atakwenda kesho anapanda avoka juu ya nini, sababu gani?"

"Labda ni mbuzi zako njo zilipanda."

"Mbuzi zangu zingepanda ku kwangu katikati, si ku mupaka."

Mti uliendelea kukua huku wakibishana, ukafunika nusu ya paa letu. Miezi ya mvua matunda yaliiva na kuanguka juu ya mabati, puu! Mgeni aliruka kutoka benchi, na Mama Shemasi, bila kuinua kichwa, alisema, "Ni avoka. Mwendelee." Kiangazi kilipokolea mti ulikuwa umeshavuliwa wote, wajukuu wa Mama Jirani hawakubakiza hata lililooza.

Jambo lililomtofautisha na wazee wengine wa kanisa ni kwamba hakumfariji mtu kwa uwongo. Kiongozi wa kwaya alipougua sana, tukaenda kumwona, na kila mmoja akamwambia atapona. Mama Shemasi alikaa kitandani pake akamwangalia vizuri. "Utakufa," akamwambia, "lakini si leo. Leo kula." Mgonjwa alicheka mpaka akakohoa, akala, na akaishi hadi mvua zikaisha. Mchungaji wetu, kijana aliyesomea Lubumbashi, alikuwa na mazoea ya kufungua kila mkutano kwa kusema hakuna shida. Mama Shemasi alimkatiza mbele ya watu: "Pasta, shida iko. Sema tutafanya nini."

Ndiyo maana Siku ya Kushusha haikumshangaza mtu aliyemjua. Kila mwaka, kiangazi kikielekea mwisho, Jumamosi moja kanisa zima lilikutana asubuhi kulishusha kanisa. Wanaume walifungua paa, kina mama wakayapanga mabati na kuyafunga kamba, watoto wakakusanya bolti ndani ya makopo ya maziwa. Mama Shemasi alizunguka na spana yake, akigonga chuma na kukemea. Mwishoni kiwanja kilibaki kitupu, na mali yote ya kanisa ilikuwa rundo moja linaloweza kupakiwa kwenye lori. Alilizunguka lile rundo. Kisha akasema, "Bon. Mupandishe." Tukalisimamisha tena, tukaimba, tukala bukari na sombe ya majani ya mihogo na samaki.

Sisi watoto tulidhani ni sikukuu. Waumini waliokuja baadaye walidhani ni agizo la Maandiko, na Mchungaji aliwahi kuhubiri juu ya hema la kukutania kule jangwani, jinsi Walawi walivyolibeba. Mahubiri yalikuwa mazuri. Mama Shemasi aliyasikiliza akiwa ameshika mkoba. Alipotoka aliniambia, "Ile hema ilikuwa ya kwenda mbele. Yetu ni ya kukimbia. Si moja."

Miaka ikapita na kanisa likajaa, na kule kujaa kukawa ndiyo hatari. Treni za mizigo zilileta vijana kutoka Kasai, wakiwa juu ya mabehewa, weupe kwa vumbi, kila mmoja na mfuko mmoja. Walitafuta kazi Likasi: kuendesha pikipiki za abiria, kupasua mawe Kakontwe, kubeba magunia ya madini kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Jumapili walikuja kwetu kwa sababu tuliimba kwa lugha ya mama zao. Wakaleta pia wake zao wa hapa, shemeji zao wa hapa, wachimbaji wenzao Wapentekoste waliokuja kuchungulia na kubaki. Ibada ya pili ikaanza kwa Kiswahili. Tuliongeza mabenchi mpaka mlangoni.

Sokoni nilianza kusikia yale maneno ya zamani. "Beko banajaa tena, wageni bale," muuza unga alimwambia mwenzake, nami niko mbele yake na mfuko wazi. "Pikipiki ni yao, kanisa ni yao. Sisi tutabakia na nini?" Alinipimia unga vizuri tu, akaniongezea kidogo juu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi kuliko tusi: aliyasema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Jumapili moja ya kiangazi, katikati ya sala, kitu kiligonga paa. Mparachichi ulikuwa mtupu. Kila jicho lilimgeukia Mama Shemasi. Niliona mkono wake ukiingia ndani ya mkoba na kubaki humo.

"Ni jiwe," alisema. "Watoto wakae katikati. Mukae chini."

Jiwe la pili halikuja. Lakini mkono wake haukutoka mkobani mpaka amina ya mwisho, na wazee wote waliopitia stesheni walikuwa wamekwisha sogea karibu na nguzo, kila mtu kwenye nguzo yake ya Siku ya Kushusha.

Mwaka uleule ofisi ya ardhi ilituma mtu. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye viatu safi. Aliuzunguka uwanja, akashika mguu wa chuma wa kanisa, akautikisa kidogo.

"Hii ni kanisa ao ni soko?"

Akatueleza sheria. Kiwanja hutolewa kwa masharti ya kujenga kwa vifaa vya kudumu. Hiki kilikuwa kimekaa miaka na mabati ya kufungua, na mfanyabiashara mmoja wa madini alikuwa ameshaomba apewe aweke bohari ya magunia yake. Kama msingi haujamwagwa kabla ya mvua, kiwanja kingerudishwa serikalini. Na kwa kuwa kilikuwa kwa jina la Mama Shemasi, yeye mwenyewe alipaswa kusimama siku ya ukaguzi na kuonyesha msingi wake.

Kamati ilikutana jioni ileile. Mimi nilikuwa mwandishi wa kamati, hivyo nilikaa ubavuni mwa Mchungaji na kuona nyuso zote.

"Mama," Mchungaji alianza, "haku..." Akajizuia. "Shida iko. Tukijenga, kanisa inabakia. Tusipojenga, mbele ya mvua hatuna fasi. Vijana wako tayari. Mawe ya Kakontwe iko, sima ya kujengea iko. Tunangojea paka weye, weye tu."

"Mutangoja."

Kijana mmoja wa pikipiki, aliyefika kwa treni mwaka uliotangulia, akainua mkono. "Kaku, na heshima yako. Sisi hatutaki kuishi na mizigo mulangoni. Juu ya nini tusijenge sawa bengine?"

Kaku ni nyanya kwetu. Alimwangalia yule kijana kwa muda, na nilidhani atamfokea. Badala yake akazungumza kwa sauti ya chini, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akisimulia jambo lile.

"Bwana yangu alijenga nyumba ya matofali. Milango alichonga yeye mwenyewe, kila mulango na maua yake. Siku walisema mutoke, bengine walibeba chungu na mutoto, wakafika station. Na sisi tulifika. Alikaa kidogo, akasema, narudia milango, siwezi kubaachia milango. Nikamwambia, acha. Akasema, ni dakika moja." Alifunga zipu ya mkoba ambayo ilikuwa imekwisha fungwa. "Walimuleta station juu ya mulango mumoja. Treni ilikuya yeye akiwa tayari mu udongo. Sasa weye niambie tena habari ya matofali."

Nje pikipiki ilipita, ikaenda, mlio ukaisha.

Mchungaji hakumshinikiza. Lakini Siku ya Kushusha ilikuwa imekaribia, na vijana walikuwa na mpango wao ambao niliujua na sikuulizwa kuuhusu.

Jumamosi ile tulishusha kanisa vizuri kuliko mwaka wowote. Paa, kuta, mabenchi, tangi la ubatizo. Vyote vikawa rundo. Mama Shemasi akalizunguka. "Bon," akasema. "Mupandishe."

Hakuna aliyeinama. Kutoka nyuma ya ua zikaingia toroli, moja baada ya nyingine, zimejaa mawe meupe ya Kakontwe, na vijana wenye sululu. Mchungaji alisimama mbele yake, mikono imeshikana.

"Mama, tunakuomba. Mwaka huu tusipandishe."

Wale wazee wa stesheni walikwenda wakasimama upande wa Mama Shemasi. Vijana walibaki upande wa toroli. Nilihesabu ndugu waliotazamana kutoka pande mbili, mama na mwanawe, na nikafikiri kwamba kile ambacho mawe ya maadui na maneno ya soko hayakuweza kutufanyia, tulikuwa tunajifanyia wenyewe mchana kweupe.

Mama Shemasi alitoa spana. Akaburuta mguu mmoja wa chuma, akausimamisha juu ya jiwe lake bapa, akaanza kufunga boriti peke yake. Boriti ilimzidi. Ilikuwa ikianguka, anaishika, inaanguka. Mzee mmoja alitaka kumsaidia. Mke wake akamshika shati.

Hapo ndipo Mama Jirani alipopita katikati ya uzio wa miba, na kuacha kipande cha kitenge chake kwenye mwiba.

"Weye Mama! Unafanya nini? Unacheza na chuma sawa mutoto?"

"Rudi kwako. Haya si mambo yako."

"Si yangu? Nani alikuweka chini ya kitanda yake, si miye?" Sauti yake ilifika barabarani, watu wakaanza kusimama. "Walikuya kukutafuta. Bwana yangu alisimama wapi?"

Mama Shemasi aliiinua tena boriti.

"Nauliza. Alisimama wapi?"

"Ku mulango."

"Mulango ya nini?"

"Ya mbao."

"Walipiga mawe ku ukuta. Ukuta ilikuwa ya nini?"

Boriti ilianguka tena, na safari hii hakuishika.

"Ya matofali," alisema.

"Njo vile. Ingekuwa mabati ya kufungua na kle, weye ungejificha wapi? Leo ungekuwa wapi?" Mama Jirani alimkaribia, akashusha sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Bwana yako alikufa juu ya nyumba yake. Weye ulipona juu ya yangu. Yote mbili ni kweli, mama yangu. Unakumbuka paka moja tu."

Nilimwona Mama Shemasi akitazama ile ardhi tupu, mstatili wa nyasi zilizokauka na mawe bapa yaliyozama kidogo kidogo kwa miaka yote ile. Alitazama watu walioanza kujaa barabarani, wengine wakiwa hawacheki. Kisha akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Pasta."

"Mama."

"Mumwage. Lakini ku kila kona na ku kila mwimo, mutaingiza bolti mu sima, kichwa chini, uzi juu. Paa itakaa juu ya bolti. Siku ya kufukuzwa ukuta itabakia yao. Paa tutaweza kubeba." Akamwelekeza spana yule kijana wa pikipiki. "Na weye mwenye midomo, utaanza kona ya kwanza. Shika sululu vizuri, ule si mukia ya ngombe."

Vicheko vilitoka, vya watu waliokuwa wamezuia pumzi. Sululu ya kwanza ikashuka.

Msingi ulimwagwa kabla ya mvua. Siku ya ukaguzi Mama Shemasi alisimama juu yake amevaa nguo ya Pasaka, na yule mtu wa viatu safi aliandika alichotaka kuandika. Mfanyabiashara alitafuta kiwanja pengine. Kuta zilipanda taratibu, kadiri watu walivyopata matofali, na paa likafungwa juu ya bolti zake kama alivyoagiza. Kila bolti aliikaza mwenyewe akiwa juu ya ngazi, mafundi wawili wakiishikilia ngazi na Mchungaji akiomba kwa sauti chini. Tangi la ubatizo tuliliweka nyuma, likawa la kuwekea maji ya maua. Birika lilichimbwa sakafuni, na wa kwanza kuzamishwa humo walikuwa wajukuu wawili wa Mama Jirani, bibi yao akiwa mlangoni analalamika kwamba Wabaptisti wanamwibia wazao.

Siku ya Kushusha iliyofuata watu walikuja kwa mazoea na wakasimama uani bila kujua wafanye nini. Tukatoa mabenchi, tukayaosha, tukayarudisha. Chakula kilikuwa kilekile. Mama Shemasi alizunguka ukuta mara moja, akaketi mwisho wa benchi lake, upande wa mlango. "Niko kwanza," alimjibu kila aliyemsalimu.

Miaka kadhaa sasa imepita. Mwezi wa Septemba uliopita, joto likiwa limeanza na mvua bado, ugomvi wa abiria na mwendesha pikipiki sokoni uligeuka ukawa ugomvi wa makabila. Pikipiki moja ilichomwa. Maneno yalitembea haraka kuliko polisi: kwamba wageni watarudishwa kwao, kwamba treni zimeshaagizwa. Familia mbili za kanisa letu zilifunga mizigo. Wazee wachache wa stesheni waliobaki walikwenda nyumbani kwa Mama Shemasi wakamwuliza jambo moja: "Tushushe paa?"

Nilimkuta kanisani siku iliyofuata, mchana, peke yake. Alikuwa amepanda juu ya ngazi, jambo ambalo umri wake haukuruhusu tena, na spana yake ilikuwa imeshika bolti ya kona ya kwanza. Nilimsaidia kushuka. Akanipa spana.

Nilipanda, nikavuta. Bolti haikusogea. Nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Spana ikateleza, nikajichuna vidole. Kutu ilikuwa imeunganisha nati na bolti vikawa chuma kimoja. Nikajaribu ya pili, na ya tatu. Zote vilevile.

"Ni kutu, Mama," nikasema. "Nilete mafuta ya mazutu? Tuimwagie leo, kesho itafunguka."

Alikuwa chini, mkono mmoja juu ya ukuta ambao kina mama walikuwa wameupaka chokaa nyeupe kwa ajili ya harusi. Nilisikia sauti za barabarani, na nadhani na yeye alikuwa akizisikiliza, akipima.

"Acha," alisema. "Itanichafulia ukuta."

Jumapili kanisa lilikuwa nusu. Waliokuja walikaa wakiangalia mlango. Mama Shemasi alichelewa, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alipofika kwenye benchi lake, pale mwisho, nilisogeza miguu ili akae mahali pake. Hakukaa. Alinipita, akawapita wote waliokuwa kwenye benchi, wakisimama mmoja mmoja kumpisha, akaenda kuketi upande wa ndani kabisa, bega lake limegusa ukuta. Ili atoke pale, benchi zima lingepaswa kusimama. Mkoba wake aliuweka mapajani, umeinama kushoto kama siku zote.

Tulikuwa katikati ya wimbo wa pili kitu kilipogonga paa. Kwaya ilikatika. Mtoto mmoja alianza kulia. Na sote, kama tulivyofanya miaka ile chini ya mabati, tuligeuza vichwa kumtafuta Mama Shemasi. Mikono yake ilikuwa juu ya mkoba, yote miwili, imetulia.

"Ni avoka," alisema. "Mwimbe."

Ilikuwa Septemba. Dirishani mparachichi ulionekana wote, majani tu, kama unavyokuwa kila kiangazi, na hapakuwa na mtu ndani ya kanisa lile asiyejua. Mama Jirani mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, ameukunja mkono kiunoni, akitazama nje kuelekea barabara.

Kwaya ikaanza tena, sauti ya kwanza ikitetemeka, kisha ya pili ikaishika, na tukaimba.